Namna ya kuifuata asili ya neno "mamlaka" na jamaa zake

Mimi ni mhariri, na katika maneno yote ninayoyasahihisha, mamlaka ndilo linalonirudisha kwenye kamusi mara nyingi zaidi. Juzi nilikuta sentensi hii: "Bibi yule hakuwa na cheo, lakini alikuwa na mamlaka makubwa kijijini." Nikasita, nikaanza kulifumua neno.

Mengi ya maneno haya yametoka Kiarabu, lugha inayojenga neno juu ya konsonanti, kwa kawaida tatu. Kwa hiyo andika neno, ondoa kiambishi, futa irabu. Mamlaka inabaki m-l-k. Kisha tafuta ndugu zake: miliki, milki, malkia. Tayari unaona harufu ya umiliki. Kwa Kiarabu mamlaka ni ufalme. Ma- ya mwanzo ni kiambishi cha mahali, kilekile cha mahakama, ambayo nayo ina nduguze: hukumu, hakimu, hekima. Kundi hili nalipenda mno, maana anayehukumu na mwenye hekima wamezaliwa tumbo moja.

Jihadhari na ma- ya madaraka. Hiyo ni yetu, ya wingi. Umoja wake ni daraka, yaani wajibu, dhamana. Ndiyo maana Kenya ilisherehekea madaraka tarehe 1 Juni 1963, na uhuru ukaja 12 Desemba: kwanza walikabidhiwa kazi ya kujiendesha.

Sauti zikifanana, usiamini upesi. Dola ya nchi ni ya Kiarabu, kutoka mzizi wenye maana ya kupokezana zamu. Dola ya fedha ilizaliwa Ulaya, katika sarafu ya Kijerumani iliyoitwa Taler. Na serikali haina mzizi wa konsonanti tatu kabisa: ni Kiajemi, sar (kichwa) na kar (kazi). Nguvu na uwezo ni Kibantu.

Mwisho, sikiliza neno linavyotumika vinywani mwa watu. Nilitaka kumpa bibi yule ushawishi, nikakumbuka Wakatoliki wanavyosali: "usitutie katika kishawishi." Neno hilo bado lina kivuli cha kurubuni, na bibi hakumrubuni mtu. Niliandika: "Hakuwa na cheo, lakini neno lake lilikuwa na uzito kijijini."