Kusafisha jiko la peleti: fuata njia ya moshi hadi nje

Miongoni mwa familia zinazozungumza Kiswahili zilizohamia Portland na Lewiston, katika jimbo la Maine nchini Marekani, wapo wanaokuta katika nyumba zao jiko la peleti, yaani jiko la kupashia nyumba joto linalochoma punje za unga wa mbao ulioshindiliwa. Wengi hufuta kioo, humwaga droo ya majivu na kuamini kwamba kazi imekwisha, ilhali majivu yanayoliharibu jiko ni yale yaliyojificha nyuma ya kuta za chumba cha moto, kwenye feni ya kutolea moshi na ndani ya bomba. Ndiyo maana mimi humwelekeza ninayemfundisha kazi hii aanzie pale moto unapowaka, kisha aifuate njia ya moshi mpaka nje.

Hata peleti za daraja la juu, ambazo majivu yake hayapaswi kuzidi asilimia 1 ya uzito, zinaweza kuacha karibu kilo 9 kwa kila mifuko 50 ya kilo 18. Sehemu ya majivu hayo ni vumbi laini linalopeperuka na moshi.

Andaa mashine ya kufyonza iliyotengenezwa kwa ajili ya majivu, brashi ya duara inayolingana na kipenyo cha bomba (aghalabu sentimita 7.5 au 10), brashi ya rangi, kikwaruzo, barakoa, glavu na ndoo ya chuma yenye mfuniko. Mashine ya kawaida ya kusafishia zulia haifai kabisa, kwa kuwa vumbi hili hupenya kichujio chake na kutawanyika chumbani, na kaa moja lililo hai linaweza kuiwasha moto.

Hatua ya 1: Zima na usubiri. Zima jiko kwa swichi yake na uiache feni imalize kutoa moshi. Ukichomoa waya moto ukiwa bado unawaka, feni husimama na moshi hurudi ndani. Jiko likishapoa kabisa, na mimi hupendelea kuliacha usiku kucha, ndipo uchomoe waya wa umeme. Majivu yaingie katika ndoo ya chuma, ifunikwe na kuwekwa nje juu ya saruji, mbali na ukuta, kwa sababu kaa lililofunikwa na majivu linaweza kubaki hai kwa siku kadhaa.

Hatua ya 2: Chungu cha kuchomea, yaani chombo ambamo peleti huwaka. Kitoe, kwaruza gamba gumu lililoganda, kisha uzibue kila tundu, maana hewa ya kuchochea moto hupita humo. Ukikirudisha, hakikisha kimekaa sawasawa bila upenyo pembeni.

Hatua ya 3: Chumba cha moto na nyuma yake. Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi. Piga brashi mirija ya kubadilishia joto, kisha ufungue vibao vya nyuma kwa kufuata kitabu cha jiko, kwani mafundi wengi huvipita. Nyuma yake kuna mifereji ambamo majivu hujikusanya hadi kuziba njia ya moshi. Gonga kuta za chuma taratibu kwa nyundo ya mpira ili majivu yaanguke, lakini usigonge matofali, kwa kuwa hupasuka. Itazame rangi pia: majivu ya kijivu kilichofifia yanaonyesha moto unaopata hewa vizuri, lakini masizi meusi ni dalili kwamba hewa haitoshi, na chanzo chake sharti kitafutwe.

Hatua ya 4: Feni ya kutolea moshi. Fungua feni, usafishe mapanga yake kwa brashi bila kuyapinda, na uifunge kwa gasketi mpya, yaani ukanda unaoziba upenyo kwenye maungio. Ukizibua mrija wa mpira wa swichi ya mgandamizo (swichi inayozima jiko njia ya moshi ikiziba), uchomoe kwanza kwenye swichi, kwa sababu kuipulizia swichi yenyewe huiharibu.

Hatua ya 5: Bomba. Fungua mfuniko wa chini wa kiungo cha T, ufunge mfuko wa kupokea majivu, kisha upitishe brashi katika kila kipande, cha wima na cha mlalo. Kofia ya nje isisahauliwe, hasa mwanzoni mwa msimu, maana ndege huweza kujenga kiota humo. Moshi husukumwa na feni ndani ya bomba hili, kwa hiyo kiungo kilicholegea huvujisha kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, ndani ya nyumba; ziba viungo upya kwa silikoni inayostahimili joto kali. King'ora cha gesi hiyo ni cha lazima, na asiyeweza kulifikia bomba kwa usalama amwite fundi. Mpangaji naye azungumze na mwenye nyumba kabla ya kufungua chochote.

Hatua ya 6: Jaribu. Bana karatasi katika mlango uliofungwa, kisha uivute. Ikitoka bila kushikwa, gasketi ya mlango imechoka. Washa jiko: mwali mchangamfu wenye rangi ya manjano angavu ndio tunaoutaka, na ule wa rangi ya chungwa unaoyumbayumba na kukichafua kioo unaonyesha kwamba mahali fulani bado pameziba.

Chungu kiangaliwe kila siku wakati wa baridi, droo na chumba cha moto kila wiki, na njia nzima ya moshi angalau mara moja kwa mwaka. Mimi hupendelea kuifanya kazi hiyo kubwa mara tu msimu unapokwisha, kwa sababu majivu yakivuta unyevu wa majira ya joto hula chuma, na peleti zilizobaki tangini huvimba na kukwamisha parafujo ya kulishia, ile inayosukuma peleti kutoka tangini hadi kwenye chungu.