Somo: Kupeleka wanafunzi fildi serikalini bila kuzungushwa

Mwaka wangu wa kwanza kama mratibu wa fildi niliingia masjala ya halmashauri moja ya huku kwetu kando ya Ziwa Victoria na barua thelathini, moja kwa kila mwanafunzi. Dada wa masjala alichukua ya juu, akaisoma anwani, akaigeuza nyuma, akanitazama. "Kumbukumbu namba yenu iko wapi?" Haikuwepo. "Na huyu Mkuu wa Idara ya Uvuvi mliyemwandikia, ndiye mwenye ofisi?" Kabla sijajibu akanirudishia bunda lote. "Mwalimu, hapa anaandikiwa Mkurugenzi. Hao wengine atawapelekea yeye." Nikapanda daladala na barua zangu thelathini mapajani.

Tangu siku hiyo nimepeleka wanafunzi halmashauri, mamlaka za maji, vituo vya utafiti na ofisi za mkoa, na nimekosea karibu kila mahali panapokoseka. Waratibu wapya mmekuwa mkiniuliza mmoja mmoja. Leo naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamleta hapa.

Hatua ya 1: Jua unaomba nini

Fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, ni ya mwanafunzi ambaye bado yuko chuoni. Mafunzo ya uzoefu kazini ni ya mhitimu, na hayo yanaratibiwa na TaESA, chombo cha serikali cha huduma za ajira. Uanagenzi ni wa mafundi. Utarajali mnaujua kwa madaktari pale hospitali ya Bugando. Ukiandika "intanshipu" tu, barua yako inaweza kupelekwa meza isiyohusika, ikakaa huko mpaka wanafunzi wako wanahitimu. Andika "mafunzo kwa vitendo", taja kozi, mwaka wa masomo na wiki ngapi.

Hatua ya 2: Anzia kwa afisa, ndipo upande juu

Hapa ndipo wengi mnaponibishia. Mnasema serikalini kila kitu kinaanza kwa bosi. Kibali kinaanza kwa bosi, ni kweli. Kazi inaanza kwa afisa atakayekaa na mwanafunzi wako wiki nane, na huyo asipomtaka, saini ya Mkurugenzi itampatia mwanafunzi kiti tu cha kukalia.

Kwa hiyo kabla ya barua, nenda kamsalimie afisa. Usiombe nafasi. Uliza: "Ni kazi gani imekulemea?" Afisa uvuvi mmoja aliinuka, akafungua kabati, fomu za takwimu za mialo, yaani pale mitumbwi inaposhusha samaki, zikamporomokea miguuni. Zilikuwa za miezi mingi, zimejazwa kwa kalamu huko ufukweni, hakuna aliyeziingiza kwenye kompyuta. Akasema, "Nipe vijana wawili wanaojua kompyuta na asubuhi wakubali kwenda mwaloni kupima samaki." Basi maelezo ya fildi yalikuwa yamekamilika pale pale. Asubuhi vijana wanasimama na rula mbele ya mitumbwi, wanapima sangara, wanaandika walio chini ya sentimita 50 ambao kanuni haziruhusu kuvuliwa. Mchana wanaingiza fomu za kabatini. Ripoti yao ya chuo ilijiandika yenyewe.

Na jambo moja la siku hizi: watumishi wanajaza malengo na kazi zao kwenye mfumo wa PEPMIS. Kazi ya mwanafunzi ikiangukia ndani ya malengo ya afisa, afisa atakuwa wa kwanza kukupigia simu mwaka unaofuata.

Hatua ya 3: Barua moja, orodha moja

Mwandikie mkuu wa taasisi kwa cheo chake kamili. Jiji la Mwanza ni Mkurugenzi wa Jiji, Ilemela ni Mkurugenzi wa Manispaa, Magu au Misungwi ni Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya. Ukikosea cheo hutafungwa, ila barua itarudi na wiki yako itakuwa imeliwa. Weka kumbukumbu namba, tarehe, kichwa cha habari kinachojieleza, halafu ambatisha orodha: jina la mwanafunzi, kozi, kitengo unachoomba, tarehe ya kuanza na kumaliza. Sema wazi chuo kinagharamia nini na hakigharamii nini.

Nenda na nakala yako. Masjala wagonge mhuri wa kupokea na tarehe kwenye nakala hiyo. Uliza imeingia jalada gani, uandike. Ukirudi baada ya wiki mbili na kusema "nilileta barua," utaambiwa itafutwe. Ukirudi na namba ya jalada, dada wa masjala atakuambia liko kwa nani.

Mara nyingi litakuwa kwa Afisa Utumishi. Mkurugenzi ameshaandika pembeni "tafadhali shughulikia," kisha Afisa Utumishi akaitwa Dodoma. Hapo usigombe. Uliza nani anakaimu.

Hatua ya 4: Makubaliano yakae kwenye jalada

Nilikuwa na Mkurugenzi mmoja rafiki mno. Nikimpigia simu Jumatatu, Jumatano wanafunzi wako kazini. Sikuandika chochote, niliona nikimletea mtu kama yule makaratasi ni kumkosea adabu. Jioni moja mkeka, yaani orodha ya uteuzi na uhamisho, ukatoka, akahamishiwa mkoa mwingine. Asubuhi wanafunzi wangu kumi na wawili walikuwa getini na mabegi, na mlinzi hana habari nao. Mgeni aliyeingia aliuliza swali la haki kabisa: "Makubaliano yenu yako wapi?" Yalikuwa kwenye simu yangu.

Wakurugenzi wa halmashauri huteuliwa na Rais na wanahamishwa wakati wowote. Tengeneza hati ya makubaliano ya kurasa mbili au tatu. Iandikwe vyeo, majina ya watu yasiwemo. Iseme idadi ya wanafunzi kwa mwaka, nani anasimamia, nani anatoa vifaa, nini kinafanyika mwanafunzi akiharibu kitu au akiumia, na jinsi ya kuivunja. Mpelekee mwanasheria wa halmashauri mapema, maana bila yeye haisainiwi, naye ana kesi za ardhi zimemjaa mezani. Yangu ya kwanza ilichukua miezi mitano. Sikuamini, lakini tangu hapo mikeka mitatu imeshapita na wanafunzi bado wanapokelewa.

Hatua ya 5: Kalenda tatu

Ya kwanza ni ya chuo: wengi wetu tunapeleka kati ya Julai na Septemba.

Ya pili ni ya serikali. Mwaka wa fedha unaisha tarehe 30 Juni na mpya unaanza tarehe 1 Julai. Juni ofisi zinafunga hesabu, hakuna mwenye muda wa kukusikiliza. Julai wanafunzi wanaingia na fedha za mwaka mpya bado hazijafika, kwa hiyo gari lipo na dereva yupo, mafuta hakuna. Mwanafunzi uliyemwahidi atazunguka vijiji anakaa chini ya mwembe. Siku hizi wiki tatu za mwanzo naziombea kazi za ndani ya ofisi au za kufikika kwa miguu. Na kama unataka halmashauri itenge chochote kwa ajili ya wanafunzi, hata gambuti tu, peleka ombi kuanzia Novemba wakati bajeti inaandaliwa. Ukiomba Mei umeshachelewa.

Ya tatu ni ya mwezi. Huu ni ujinga wangu mwenyewe. Niliwapanga wanafunzi wanne wakakusanye takwimu za dagaa mwalo wa Igombe, nikachagua juma lililonifaa mimi. Walifika wakakuta mitumbwi imepandishwa mchangani, wavuvi wanashona nyavu na kucheza bao. Mbalamwezi ilikuwa inawaka. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti kitu, na wavuvi wanapumzika. Mzee mmoja aliwauliza wanafunzi wangu, "Mwalimu wenu ni mtu wa wapi?" Mimi nimezaliwa Kirumba.

Hatua ya 6: Kabla hawajaondoka

Siri. Mwanafunzi mmoja aliweka stetasi ya WhatsApp, "siku ya kwanza kazini", nyuma yake kuna skrini yenye majina na madeni ya wateja. Tulipoteza kituo hicho mwaka mzima. Sasa kila mmoja anasaini ahadi ya kutunza siri, na nawasomea kuwa tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Ziwa. Hakuna kupanda mtumbwi bila jaketi okozi, hata afisa mwenyewe akipanda bila. Hakuna kuingia majini miguu mitupu, kichocho kipo.

Hatua ya 7: Rudisha mrejesho

Ukurasa mmoja kwa Mkurugenzi, nakala kwa afisa: wanafunzi wangapi, walifanya nini, fomu ngapi ziliingizwa. Vyuo vingi havifanyi hivi, nami sijui kwa nini, maana ndiyo barua pekee inayoingia ofisini bila kuomba kitu.

Maswali ya wanachama wa kundi letu la waratibu

*Mwanachama wa Sengerema: Mwanafunzi wetu aliripoti akaambiwa kuna ada ya fildi alipe kwanza. Tulipe?*

Zipo taasisi zenye ada hiyo kihalali. Omba ankara yenye kontroli namba, lipa, chukua risiti. Ukiambiwa "mpe fulani pale mezani," usitoe, rudi kwa Afisa Utumishi na uulize kwa barua. Swali hili uliulize kabla wanafunzi hawajafunga mabegi, ili aliyekosa hela asidhalilike mlangoni.

*Mwanachama wa Magu: Mwangaluka mayu. Wa kwangu wanalalamika wiki ya nne sasa ni chai na fotokopi.*

Mwangaluka. Kwanza fungua logibuku zao usome. Nimewahi kukuta aliyelalamikia fotokopi alikuwa anatoa nakala za mihtasari ya Baraza la Madiwani, na hakusoma hata mmoja! Mwambie asome anachonakili, tena kwa ruhusa. Kama kweli ni chai tupu, usimwandikie bosi. Nenda na maelezo ya kazi mliyokubaliana na afisa, kaa naye, muulize nini kimebadilika. Mara nyingi kazi iliyopangwa inahitaji gari na gari limekwama. Mtafutie nyingine ndogo ya ofisini. Na kama hamkuwa na maelezo ya kazi, basi rudi hatua ya 2, mayu, mimi siwezi kukusaidia kwa hilo.

*Mwanachama wa Musoma: Kwa nini tusiende moja kwa moja TAMISEMI Dodoma, tukashuka na barua ya juu?*

Kwa mradi mkubwa wa mikoa mingi, sawa. Kwa wanafunzi ishirini utatumia nauli kubwa ili uletewe barua inayosema "wasiliana na halmashauri husika." Kama ni halmashauri kadhaa za mkoa mmoja, mwandikie Katibu Tawala wa Mkoa, yeye atawajulisha wakurugenzi wake. Uangalie tu: mtu aliyelazimishwa kutoka juu anapokea wanafunzi kwa mkono mmoja.

*Mwanachama wa Ukerewe: Shikamoo mwalimu. Huku visiwani vituo vipo, wanafunzi hawataki kuja.*

Marahaba. Hawaogopi kazi, wanaogopa nauli ya kivuko na chumba. Wenye mkopo wa Bodi ya Mikopo wana fungu la mafunzo kwa vitendo, lakini mara nyingi linachelewa kuliko mwanafunzi mwenyewe, na wa ngazi za chini wengi hawana kabisa. Muulize Mkurugenzi kama kuna nyumba ya mtumishi iliyo wazi Nansio. Mimi nilipata moja ya walimu wakati wa likizo, wanafunzi watano wakapika pamoja. Gharama kwa halmashauri ilikuwa kufagia.

*Mwanachama, ameomba tusitaje anakotoka: Binti yetu ananiambia msimamizi wake kituoni anamtaka, la sivyo hatamsainia fomu.*

Mtoe kituoni leo, siyo kesho. Fomu itasainiwa na mtu mwingine au chuo kitamhamishia kwingine, wiki alizofanya zihesabiwe. Hiyo ni rushwa ya ngono, ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. TAKUKURU wanapokea taarifa, na polisi kuna dawati la jinsia. Atunze meseji zote, asifute. Nenda naye wewe mwenyewe, usimwache aende peke yake. Ushirikiano na ofisi ile ukifa kwa ajili hiyo, ufe. Nipigie jioni.

*Mwanachama wa Bukoba: Nimecheka ya Igombe. Sasa mwalimu, mwezi mpevu ujao ni lini, nipange tarehe?*

Ndugu yangu, toka nje utazame juu. Ukikuta mawingu, shuka mwaloni ukamuulize mvuvi yeyote, atakujibu kabla hujamaliza kusalimia.