Namna ya Kuchunguza Kama Tija ya Kilimo Inainua Uchumi wa Nchi Maskini

Anayetaka kujua kama kilimo kinaisogeza mbele nchi maskini hana budi kuamua kwanza anapima nini. Takwimu inayotangazwa mara nyingi ni mavuno kwa hekta, nayo ina kazi yake, lakini haitoshi. Hekta moja inaweza kutoa magunia mengi zaidi kwa sababu tu inapaliliwa na watu wanne badala ya wawili, huku fungu la kila mmoja wao likibaki palepale au hata likipungua. Kwa hiyo kipimo cha msingi cha tija kiwe thamani anayoizalisha mtu mmoja anayefanya kazi shambani kwa mwaka, baada ya kuondoa gharama ya mbegu, mbolea na pembejeo nyingine.

Kupata makadirio ya kwanza si kazi ngumu. Tafuta takwimu mbili za nchi unayoichunguza, yaani asilimia ya pato la taifa inayotokana na kilimo na asilimia ya wafanyakazi walioko katika kilimo; Benki ya Dunia na Shirika la Kazi Duniani huzitoa bila malipo. Tuchukue nchi ya kufikirika ambayo kilimo kinabeba asilimia 60 ya wafanyakazi lakini kinaleta asilimia 25 tu ya pato. Gawanya 25 kwa 60, upate takriban 0.42. Kisha gawanya 75 kwa 40, ambazo ni sehemu za sekta nyingine zote, upate takriban 1.88. Ukigawanya 1.88 kwa 0.42 utaona kwamba mfanyakazi aliye nje ya kilimo anazalisha thamani ya karibu mara nne na nusu ya ile ya mkulima.

Usikimbilie kutoa hukumu kwa pengo hilo. Aliyeandikwa kuwa mkulima huenda anashika jembe miezi michache ya msimu, kisha anachoma mkaa, anafyatua matofali au anafanya biashara ndogo, na saa zake zote zikahesabiwa upande wa kilimo. Elimu nayo hutofautiana kati ya sekta. Wanauchumi Gollin, Lagakos na Waugh, katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2014, waliondoa tofauti za saa za kazi na elimu katika nchi nyingi, wakakuta pengo limepungua sana lakini bado lipo, kwa wastani karibu mara mbili. Kwa maoni yangu, hilo lililobaki ndilo linalostahili kuumizwa kichwa.

Baada ya kupima, fuatilia tija inakokwenda ikiongezeka. Anza na bei ya chakula. Mwanatakwimu Mjerumani Ernst Engel alionyesha mwaka 1857 kwamba kadiri kaya inavyokuwa maskini ndivyo sehemu kubwa zaidi ya matumizi yake inavyoishia kwenye chakula. Hivyo chakula kikishuka bei, familia hubakiwa na fedha za kununulia viatu, mabati na madaftari, na hapo mafundi na wenye viwanda hupata wateja. Halafu tazama nguvukazi. Mwanauchumi Arthur Lewis alieleza mwaka 1954 jinsi watu ambao kazi yao shambani inaongeza kidogo sana wanavyoweza kuhamia viwandani, ila viwanda hukwama endapo chakula kitapanda bei na kulazimisha mishahara ipande pamoja nacho.

Teknolojia yenyewe ichunguzwe kwa makini, kwa sababu si kila teknolojia huleta matokeo yaleyale. Mpunga wa IR8, uliotolewa mwaka 1966 na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga iliyoko Ufilipino, ulikuwa na bua fupi na gumu ambalo halikulala hata mbolea ilipokuwa nyingi, tena ulikomaa mapema kuliko aina za kienyeji, jambo lililorahisisha kuvuna mara mbili kwa mwaka. Lakini ulishamiri palipokuwa na maji ya umwagiliaji, mbolea na njia ya kufika sokoni. Ukikuta mbegu bora imepelekwa mahali panapotegemea mvua tu, usiulize kwa nini wakulima wamekaidi. Uliza wangeipataje mbolea, na wakipata ziada wangemuuzia nani.

Brazil inatoa funzo jingine. Utafiti wa wanauchumi Bustos, Caprettini na Ponticelli wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba soya inayostahimili dawa ya magugu, ambayo inahitaji watu wachache shambani, iliwasukuma wafanyakazi kuelekea viwandani, ilhali mahindi ya msimu wa pili, ambayo yanahitaji watu zaidi, yaliwabakiza kwenye kilimo. Tija ilipanda kwa njia zote mbili, lakini muundo wa uchumi ulibadilika kwa namna tofauti. Andika basi, kwa kila zao unalolichunguza, kama mbinu mpya inapunguza mikono inayohitajika au inaiongeza, na kama nje ya shamba kuna ajira ya kuwapokea watakaotoka.

Tahadhari pia na mwelekeo wa sababu. Huenda miji ndiyo iliyokua kwanza, ikavuta vijana, nao wakulima waliobaki wakalazimika kununua mashine. Panga takwimu kwa mfuatano wa miaka uone kipi kilitangulia, na utumie wastani wa miaka mitatu hadi mitano, maana mwaka mmoja wa mvua nzuri hupandisha mavuno bila chochote kuwa kimebadilika.

Ukiwa na uwezo wa kupata takwimu moja tu ya nyongeza, tafuta ujira wa kibarua wa shambani, kisha uupime kwa kilo za nafaka ambazo ujira wa siku moja unaweza kununua. Kilo hizo zikiongezeka mwaka hadi mwaka, tija imeanza kumfikia hata asiye na shamba. Zikibaki palepale huku mavuno yakitangazwa kupanda, rudi kwenye hesabu zako, kisha uchunguze nani anamiliki ardhi na nani anapanga bei ya mazao.