Shampeni ya Ufaransa: namna ya kuichagua, kuifungua na kuinywa bila kutupa hela

Kwenye harusi zetu Dar shampeni ni ya MC zaidi kuliko ya mnywaji. Chupa inatikiswa, muziki unapanda, watu wanapiga vigelegele, nusu ya povu inaishia kwenye kapeti la ukumbi na kinachobaki kinagawiwa meza kuu. Mara nyingi hata sio shampeni, ni juisi ya zabibu yenye gesi, hiyo tikisa tu mpaka mkono uchoke. Ila kama umevunja kibubu ukanunua ya Ufaransa kweli, hebu soma hapa kwanza.

Anza na lebo. Neno Champagne likiwepo maana yake zabibu zimelimwa na mvinyo umetengenezwa kwenye eneo hilo hilo la Champagne, mashariki ya Paris, kule kwenye miji ya Reims na Épernay. Zabibu zenyewe kubwa ni tatu, Chardonnay ambayo ni nyeupe, na Pinot Noir na Meunier ambazo ni nyeusi, na usishangae nyeusi kutoa mvinyo mweupe, rangi ipo kwenye ganda na wao wanakamua taratibu juisi itoke kabla haijalowana na maganda. Gesi sasa, hapo ndo kazi ilipo. Mvinyo unawekwa kwenye chupa na sukari kidogo na hamira, chupa inafungwa, mvinyo unachachuka tena humo humo ndani na gesi inakosa pa kutokea. Hamira ikishakufa inaachwa ndani angalau miezi 12, na chupa haitoki kwenda kuuzwa kabla ya miezi 15, zile zenye mwaka kwenye lebo ni miaka 3. Ile harufu kama mkate mpya unayoisikia kwenye glasi inatokana na hiyo hamira, na bei pia kwa kiasi fulani inatokana na huko kusubiri.

Bei ikikushinda tafuta chupa iliyoandikwa Crémant, mvinyo wa gesi wa maeneo mengine ya Ufaransa, kuna ya Alsace, ya Loire, ya Bourgogne, inatengenezwa kwa njia ile ile ila muda wa kulala na hamira unaanzia miezi 9. Mi binafsi bora Crémant nzuri kuliko Champagne ya bei ya chini kabisa iliyobebwa na jina tu. Prosecco ni ya Italia, sio mbaya, ila nyingi inachachukia kwenye tangi kubwa.

Halafu sukari, jamani hapa ndo watu wanapigwa. Brut ni kavu, sukari chini ya gramu 12 kwa lita. Extra Dry ukiisikia unadhani ni kavu zaidi, kumbe ina gramu 12 hadi 17, tamu kuliko Brut! Demi-Sec ni 32 hadi 50, hiyo ni tamu kweli. Sasa angalia sherehe zetu, keki inalishwa, mtu ana krimu na sukari mdomoni, anapewa Brut, anakunja uso kama kanywa siki halafu anasema shampeni mbaya. Sio mbaya, imekutana na keki. Keki ipe Demi-Sec. Brut inataka chumvi na mafuta, korosho za kukaanga, sambusa, chipsi kavu, au kamba wa Feri waliokaangwa na kitunguu saumu, hapo utanielewa. Pilipili punguza tu, gesi na kilevi vinazidisha muwasho.

Joto la Dar ndo adui mkubwa. Inywewe kwenye nyuzi 8 mpaka 10, kwa hiyo usiiache kwenye buti la gari foleni ya Mwenge halafu ufike uifungue, itakulipukia. Chukua ndoo, weka barafu na maji nusu kwa nusu, chupa izame kwa nusu saa hivi. Barafu tupu inagusa chupa sehemu sehemu tu, maji ndo yanaizunguka yote. Friza achana nayo, ukisahau inapasuka.

Kufungua: mgandamizo wa ndani ni kama mara mbili na nusu hadi tatu ya tairi la gari dogo, kwa hiyo kizibo usikielekeze kwa mtu. Toa karatasi, weka dole gumba juu ya kizibo, zungusha kile kipete cha waya nusu mzunguko mara sita kilegee, ila usiondoe mkono. Inamisha chupa kidogo, shika kizibo kikaze, zungusha chupa na sio kizibo, na kikianza kusukuma wewe kirudishe nyuma kidogo kidogo mpaka kitoe kamlio kadogo ka pssss. Povu lisimwagike hata tone.

Glasi ya mvinyo mweupe inafaa kuliko zile nyembamba ndefu, pua inapata nafasi. Isuuze sana, mabaki ya sabuni yanaua viputo. Mimina kidogo, subiri povu lishuke, ongeza. Ina kilevi kama asilimia 12, zaidi ya mara mbili ya bia nyingi zetu, na inateleza, kwa hiyo ufunguo wa gari mpe asiyekunywa.

Ikibaki, kijiko kwenye mdomo wa chupa hakisaidii chochote. Tafuta kifuniko chake maalum kinachobana, weka kwenye friji, imalize kesho yake, na umeme ukikatika imalize leo leo.