Viza ya mwanafunzi Uingereza: somo kwa tunaotokea Mwanza (soma kabla hujanifuata inboksi)

Wiki hii watu sita wameniuliza swali lilelile: hela ikae benki muda gani? Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Hili somo ni la viza ya Uingereza, kwa anayekwenda kusoma shahada na anaombea hapahapa Tanzania. Marekani na Kanada wana mambo yao, siyagusi.

Hatua ya 1. Pata nafasi chuoni, lipa malipo ya awali, subiri wakutumie CAS, yaani uthibitisho wa chuo kwamba wamekupokea. Ni namba tu, lakini bila hiyo huombi.

Hatua ya 2. Pasipoti. Kama huna, funga somo, nenda Uhamiaji, utalikuta.

Hatua ya 3. Kipimo cha kifua kikuu. Sisi Watanzania tunapimwa, na picha ya kifua ya hospitali uliyoizoea haihesabiki hata kama mashine ni nzuri. Kituo lazima kiwe kwenye orodha ya serikali ya Uingereza. Cheti kinadumu miezi 6.

Hatua ya 4. Hela. Hapa ndipo nilipoanguka, kwa hiyo soma polepole.

Unatakiwa uonyeshe ada ya mwaka wa kwanza ambayo hujalipa, ukiongeza hela ya kuishi, isiyozidi ya miezi 9. Tangu Novemba 2025 ni paundi 1,529 kwa mwezi ukisoma London, na 1,171 ukisoma kwingine. Kwa nje ya London miezi 9 ni paundi 10,539. Kiasi chote kikae siku 28 mfululizo bila kushuka hata siku moja. Na siku ya mwisho kwenye stetimenti isiwe imepitwa na zaidi ya siku 31 unapotuma maombi.

Mara ya kwanza baba aliuza mzigo wake wa dagaa pale Mwaloni, tukaweka kiasi kilichotakiwa na shilingi elfu tano juu. Sikuigusa. Siku ya 23 benki ikakata makato yake ya mwezi, na salio likaenda chini. Siku ya 25 mama akaongeza laki moja bila hata kujua kilichotokea. Nilipochukua stetimenti nikaangalia mstari wa kwanza na wa mwisho, nikaona safi, nikatuma. Barua ya kukataliwa niliisomea stendi ya Buzuruga. Niliirudia mara tatu, daladala ikajaa ikaondoka nimesimama palepale. Hela ya bima ya afya (iko Hatua ya 5) ilirudi. Ada ya viza haikurudi, na baba hakuniuliza kitu mwezi mzima, jambo lililoniuma kuliko angenifokea.

Kwa hiyo: soma kila mstari wa stetimenti. Weka ziada, maana shilingi yako itabadilishwa kuwa paundi kwa kiwango cha siku unayoomba, si cha siku uliyoweka. Mimi mara ya pili niliweka asilimia 10 juu. Hiyo ni akili yangu, si sheria.

Jambo jingine linalowaponza wengi: akaunti iwe yako au ya mzazi. Ya mzazi inaambatana na cheti chako cha kuzaliwa na barua yake ya kukubali. Baba mdogo, mjomba, shangazi, hao kwetu ni wazazi, kwao si wazazi, labda awe mlezi kisheria. Mjomba akitaka kukusaidia, aingize kwenye akaunti yako, halafu siku 28 zianze.

Hatua ya 5. Jaza fomu mtandaoni, lipa. Bima ya afya ni paundi 776 kwa mwaka na inalipwa yote kwa mkupuo. Inafuata urefu wa viza, si wa masomo: masta ya miezi 12 unapewa viza yenye miezi 4 ya nyongeza, miezi 16 inalipiwa kama mwaka na nusu, ndiyo maana utaona 1,164.

Hatua ya 6. Alama za vidole, Dar. Mimi kwa uzembe nilipanda basi mara mbili, moja ya kipimo na moja ya vidole. Panga vizuri vikutane safari moja. Jibu kwa kawaida huja ndani ya wiki 3.

Hatua ya 7. Ukishafika, kazi ni saa 20 kwa wiki muhula ukiendelea, na usijiajiri. Kusuka watu nywele chumbani kwa malipo ni kujiajiri.

MASWALI

Nyegezi Kona: Samahani dada, hela ikae siku ngapi?
Jibu: Hatua ya 4.

Nyegezi Kona: Niko bize, nipe kifupi tu.
Jibu: 28. Ukikataliwa usinitaje.

Mdau wa Igoma: Nina kiwanja Buswelu, kina hati. Kinahesabika?
Jibu: Hapana kaka. Kiwanja, gari, hisa, vyote hapana. Wanataka hela iliyopo benki. Ukikiuza, tunza karatasi za mauzo.

Mdau wa Igoma: Na mke wangu je?
Jibu: Tangu Januari 2024, anayesoma masta ya kawaida hachukui familia. Wanaoruhusiwa ni wa shahada za utafiti kama PhD, na wenye ufadhili wa serikali.

Binti Ukerewe: Shikamoo dada. Siku 28 zinahesabiwaje, siku ya mwisho imo?
Jibu: Marahaba mdogo wangu, swali zuri. Imo. Stetimenti ikiishia Julai 30, siku ya kwanza ni Julai 3. Chukua kalenda ya ukutani, weka alama kila siku, halafu linganisha na salio la kila siku. Mimi ningeongeza siku 3 au 4 mbele, kwa amani ya moyo tu.

Nyegezi Kona: Kuna jamaa hapa mjini anatengeneza stetimenti, anataka laki nane.
Jibu: Ya kughushi wakiigundua, unafungiwa miaka 10. Kumbe muda wa kumtafuta huyo uliupata.

Mzee wa Kayabo: Binti, mwanangu anaondoka Septemba. Dagaa wanapita?
Jibu: Shikamoo mzee. Samaki ruksa, jumla isizidi kilo 20. Nyama na maziwa wanachukua, msihangaike navyo. Kayabo, yaani samaki wa chumvi aliyekaushwa, nilibeba, nikaifunga mifuko mitatu na gazeti, na bado koti langu lilinuka hadi Desemba.

Binti Ukerewe: Dagaa wa jua au wa kukaanga?
Jibu: Wa kukaanga. Weka kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko, na uiandike jina. Wenzangu wa hosteli walimaliza yangu wiki ya kwanza.