Jinsi ya kupiga picha helikopta na ndege za kijeshi kwenye maonyesho ya Gdynia

Mara yangu ya kwanza kwenye maonyesho ya ndege ya Gdynia Aerobaltic nilirudi na picha zaidi ya mia nane, na za helikopta nikazifuta karibu zote. Hazikuwa na ukungu wala giza, hata ribiti za bodi ungeweza kuzihesabu. Kasoro ilikuwa mapangaboi. Yalikuwa yameganda, kila moja limenyooka kama mwiko, na chombo cha tani sita kikaonekana kimetundikwa kwa uzi. Nimeandika mwongozo huu ili wewe usipoteze siku nzima kama nilivyoipoteza mimi.

Hatua ya 1: Jua kinachoruka

Gdynia ni mji wa bandari kaskazini mwa Poland, kwenye Ghuba ya Gdańsk. Maonyesho huwa mwezi Agosti. Mchana watu hukusanyika kwenye uwanja wa ndege wa Gdynia-Kosakowo, palipo pia na kambi ya ndege ya jeshi la majini, na jioni ndege huruka mbele ya ufukwe wa mjini. Ratiba angalia ya mwaka huohuo, maana hubadilika.

Jeshi la majini la Poland halina ndege za kivita za jeti. Lina helikopta na ndege za mapangaboi: W-3 Anakonda ya uokoaji, iliyotengenezwa Świdnik hukohuko Poland, SH-2G Seasprite ya Kimarekani, na Bryza, ndege ya injini mbili ya doria baharini. Zipo pia helikopta nne za AW101 Merlin zilizoagizwa mwaka 2019, ambazo makao yake ni Darłowo. Ukiona F-16, hiyo ni mgeni kutoka jeshi la anga. Ndiyo maana mafunzo mengi ya mtandaoni, yaliyoandikwa kwa ajili ya jeti, hukupotosha ukiwa Gdynia.

Hatua ya 2: Sheria kwanza

Tangu tarehe 17 Aprili 2025, Poland imepiga marufuku kupiga picha maeneo ya kijeshi na miundombinu muhimu yaliyowekewa kibao cha *Zakaz fotografowania*. Adhabu ni faini au kifungo cha hadi siku 30, na kamera inaweza kutaifishwa. Kwenye maonyesho, ndege zilizoletwa kwa ajili ya watazamaji piga utakavyo. Lakini njiani, kandokando ya uzio wa kambi, kamera ibaki kwenye begi. Sisi wageni tunaonekana upesi, na kujieleza kwa Kipolandi cha kuungaunga mbele ya askari si jambo la kutamani. Tembea na kitambulisho na tiketi. Droni iache nyumbani.

Hatua ya 3: Vifaa

Lenzi ya milimita 100 hadi 400 inatosha. Ya 600 ni nzuri, ila ipime kwanza mkononi: utaishika saa tano mfululizo. Beba betri mbili zilizojaa chaji, memori kadi ya akiba, vizibo vya masikio kwa ajili ya F-16, na kitambaa safi, kwa sababu upepo wa Baltiki huleta chumvi na mchanga kwenye kioo cha lenzi.

Hatua ya 4: Panga kamera kabla ya ndege ya kwanza

Chagua hali ambayo wewe unaamua kasi ya shata na kamera inaamua mengine: ni Tv kwenye Canon, S kwenye Nikon na Sony. Fokasi iwe ya kufuatilia kitu kinachokwenda, yaani AI Servo au AF-C. ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, iachie kamera, lakini iwekee kikomo cha 1600 mchana. Hifadhi faili za RAW, yaani picha ghafi ambazo kamera haijazichakata.

Kisha ongeza mwanga kwa +0.7 au +1. Kamera ikiona anga jeupe hudhani picha yote ina mwanga mwingi, inaupunguza, na Seasprite yenye rangi ya kijivu inatoka nyeusi kama mkaa. Wingu zito likitanda, rudi kwenye +0.3.

Hatua ya 5: Hesabu ya mapangaboi

Hapa usiharakishe. Pangaboi kubwa la helikopta ya ukubwa wa Seasprite huzunguka karibu mara 5 kwa sekunde, sawa na nyuzi 1,800. Ukipiga kwa 1/2000 ya sekunde, pangaboi linasogea chini ya nyuzi moja, na jicho linaona limesimama. Kwa 1/250 linasogea nyuzi 7, ncha zinaanza kulainika. Kwa 1/125 ni nyuzi 14, na sasa helikopta ina uhai. Kwa 1/60 ni nyuzi 30. Seasprite ina mapangaboi manne, yaani pengo la nyuzi 90 kati ya moja na jingine, kwa hiyo theluthi nzima ya pengo inajaa. Picha inapendeza mno, ila jiandae kutupa tisa kati ya kila kumi.

Anza na 1/250 upate picha za uhakika. Ukishazipata, shuka 1/125. Ukiona mkono umetulia, jaribu 1/60 helikopta inapoelea mahali pamoja.

Bryza ni rahisi zaidi. Mapangaboi yake huzunguka zaidi ya mara 1,500 kwa dakika, yaani 25 kwa sekunde, hivyo 1/250 inakupa nyuzi 36 bila jasho. F-16 haina pangaboi la kuonekana: panda hadi 1/1600, na inapokata kona kali tazama mgongo wa mabawa, maana unyevu wa baharini hugeuka mvuke mweupe juu yake.

Hatua ya 6: Fundisha kiuno

Shata ya polepole inadai mwili uende sambamba na ndege. Nyayo zielekee pale utakapomalizia, si pale ndege inapotokea. Viwiko vibane mbavuni. Zungusha kiuno, mikono itulie, na usiache kufuata hata baada ya kubonyeza. Wengi huharibu picha hapo, kwa kusimama ghafla. Lenzi yenye swichi ya kuzuia mtikisiko ya 1 na 2, weka 2.

Mazoezi hayahitaji ndege. Simama kando ya barabara Mwanza au Kisumu, piga bodaboda zinazopita kwa 1/60 hadi uweze kusoma namba huku magurudumu yakizunguka.

Fokasi iweke kwenye szachownica, ile alama ya ndege za jeshi la Poland yenye miraba minne, miwili myeupe na miwili myekundu. Rangi zake zinazopakana waziwazi kamera huzishika haraka kuliko bodi tupu ya kijivu.

Hatua ya 7: Jua na joto

Ufukwe wa mjini unatazama mashariki. Asubuhi jua linakuchoma macho, alasiri liko mgongoni mwako. Baada ya katikati ya Agosti jua huzama mnamo saa mbili usiku, na saa moja kabla ya hapo mwanga huingia hadi chini ya tumbo la ndege.

Uwanjani, joto la lami hutikisa hewa, na hakuna lenzi ya bei yoyote itakayokuokoa. Ndege zilizo ardhini zipige asubuhi mapema. Adhuhuri tazama juu tu.

Hatua ya 8: Subiri uokoaji

Anakonda ikishuka juu ya maji, acha kila kitu kingine. Upepo wa mapangaboi hugeuza bahari kuwa mduara mweupe wa manyunyu, na muokoaji anateremshwa kwa kamba hadi ndani ya mduara huo. Weka 1/125. Usivute karibu sana: maji yawemo kwenye fremu, la sivyo ni helikopta ya popote pale. Kamba itakaza, muokoaji atamkumbatia mwenzake, wataanza kupanda. Miguu ikitoka tu majini, ikiwa bado inachuruzika, bonyeza na usiachie.