Kusoma ghadhabu ya Mungu kwa manabii: anza na Amosi

Hii nimeiandika baada ya kumsaidia dada mmoja wa kikundi chetu cha Biblia, alianza Isaya akafika sura ya 13 akaacha, anasema kila ukurasa ni moto na upanga tu.

1. Isaya weka pembeni kwanza. Chukua kitabu cha Amosi, kina sura 9 tu. Biblia ya karatasi tafadhali sio ya simu, utahitaji penseli na zile ramani za nyuma. Na usiingie kwenye itifaki (kile kitabu kinachoorodhesha maneno ya Biblia na mistari yake) kusaka neno "hasira" kila kitabu, utaokota mistari kibao na hutaelewa hata mmoja.

2. Jua nani anaongea. Amosi ni mfugaji wa Tekoa, Yuda, ufalme wa kusini, anahubiri Betheli huko kaskazini, ufalme wa Israeli, enzi za mfalme Yeroboamu wa pili, karne ya 8 KK, hela ipo na wakubwa wanalalia vitanda vya pembe za ndovu. Inatosha.

3. Sura ya 1 na 2, hapa usikimbie. Tia alama kwenye ramani: Dameski, Gaza, Tiro, Edomu, Amoni, Moabu, kila mmoja andika kosa lake pembeni. (Ile "makosa matatu, naam, manne" usianze kuhesabu, ni mtindo wa kusema tu.) Dameski wameipura Gileadi kwa vyombo vya chuma, Gaza wameuza mateka, Amoni wamepasua wajawazito ili wapanue mpaka. Kati ya hao sita hakuna anayeshtakiwa kwa sanamu, ni unyama kwa binadamu mwanzo mwisho. Halafu simama kwa Moabu, maana wengi wanampita: kosa lake ni kuchoma mifupa ya mfalme wa Edomu ikawa chokaa. Edomu! Huyohuyo aliyetoka kuhukumiwa mistari michache juu, na Israeli hapo haijaguswa kabisa, kwa hiyo ukiambiwa huyu ni Mungu wa kabila anayewalipizia watu wake, muonyeshe 2:1.

Sasa tazama alama zako, zimeizunguka Israeli, nawaona kabisa watu wa Betheli wakiitikia amina. Inafuata Yuda, kisha wao wenyewe, na shtaka lao ndo refu kuliko yote. Soma 2:8 na Kutoka 22:26-27 kwa pamoja: nguo ya rehani ilitakiwa irudi kabla jua halijazama maana ndo shuka la maskini, hawa wamejilaza juu yake kando ya madhabahu, mwenye nguo yuko kwake anatetemeka. Ila usiilainishe eti hasira ni matokeo ya dhambi tu, maandiko yanasema "nitapeleka moto", anayepeleka ni Mungu mwenyewe.

4. 5:18-24, soma kwa sauti. Waisraeli waliingoja siku ya Bwana (siku ya Mungu kuja kuhukumu) kama sikukuu, wakaambiwa ni giza.

5. Sura ya 7. Nzige, nabii anaomba, Mungu anaghairi. Moto, vilevile. Ya tatu ni timazi (kamba ya fundi ya kupima kama ukuta umenyooka) na Amosi haombi tena. Ndo maana mimi hukumu hizi nazisoma kama onyo kwanza, Yeremia 18:7-8 inasema hivyo wazi na Yona alinuna kwa sababu hiyohiyo, Mungu alipoghairi kuiangamiza Ninawi. Onyo hili halikusikilizwa, Samaria, mji mkuu wa Israeli, ikaangukia mikononi mwa Waashuri karibu mwaka 722 KK.

6. Rudi Isaya sasa, ingilia sura ya 10: mstari wa 5 Ashuru ni fimbo ya hasira ya Mungu, wa 12 fimbo yenyewe inaadhibiwa kwa kiburi. Ukishapapata hapo, ya 13 inasomeka.